Kamba ya Mwezini na Karatasi ya Nashipai

Jumapili, alasiri. Jua kali, upepo hakuna. Wamechoma miwa upande wa Ruaha tangu asubuhi, na masizi yanadondoka uani kwangu, meusi na membamba. Nimefua mashuka nikayaanika, nikayaanua yakiwa na madoa, nikayafua tena. Nimefagia mara mbili. Nimebandika wali nikausahau mpaka ukawa ukoko mtupu.

Siwezi kukaa.

Nikikaa, mguu unatikisika wenyewe. Kwa hiyo kompyuta nimeiweka juu ya kabati la vyombo na ninaandika nimesimama, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki.

Wanaopitia blogu hii wanajua mimi ni mwalimu wa fizikia, wa pekee katika shule yetu huku Kidodi, na wanajua ninavyopenda kujisifu. Leo sina cha kujisifia. Nilimwambia mwanafunzi mbele ya darasa zima kwamba ameibia kwenye jaribio, na hakuibia. Amekaa nyumbani wiki nzima. Jumanne kwao wanahama na ng'ombe kufuata malisho. Kama sitakuwa nimelirekebisha kosa hili kesho asubuhi, ataondoka nao, na sidhani kama nitamwona tena darasani.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukaruka nitajipendelea.

Siku kumi zilizopita, Alhamisi, niliwapa Kidato cha Pili jaribio la nguvu ya mvutano. Hii ndiyo mada ninayoipenda kuliko zote. Kila mwaka nawaambia: mtu ni yuleyule, miguu ni ileile, kinachobadilika ni pale alipokanyaga. Mwezini mvutano ni moja ya sita ya huu wetu, kwa hiyo anayeruka anapanda mara sita. Kwenye Mirihi anapanda zaidi kidogo ya mara mbili na nusu. Kwenye Mshtarii, ambako mvutano ni mara mbili na nusu ya wetu, hapandi sana, na hapo tumejifanya kwamba Mshtarii ina ardhi ya kukanyaga, maana haina. Watoto wanacheka, wanarukaruka kwenye madawati, mimi nawaacha.

Swali la tano liliandikwa kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, lakini maana yake ni hii: msichana anavuka kamba iliyofungwa mita 1.2 kutoka ardhini. Akiruka kwa nguvu zilezile mwezini, atavuka kamba ya kimo gani? Jibu kwenye daftari langu lilikuwa 7.2. Unazidisha kwa sita, basi.

Nashipai anakaa dawati la tatu, dirishani. Kwao ni Wamasai, boma lao liko mbugani ukiwa unaelekea Mikumi. Ni mtoto mkimya. Kiingereza kinampiga chenga, kama kinavyowapiga wenzake karibu wote, lakini kengele ikilia yeye bado anautazama ubao. Aliandika 2.7. Sikuona hesabu yoyote, alichora tu mtu wa vijiti mwenye nukta tumboni, na kamba mbele yake. Anayekaa naye dawati moja ni Rehema, na Rehema aliandika 7.2.

Nikaona nimeshaelewa. Kachungulia kwa Rehema, tarakimu zikampindukia. Nikampa sifuri, kubwa, kwa wino mwekundu.

Kama ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Ijumaa nilipokuwa narudisha karatasi, ya kwake niliinyanyua juu darasa lote lione, nikasema, "Ukitaka kuibia, ibia vizuri. Hata kunakili kunataka akili."

Darasa likaangua kicheko. Na mimi nilifurahi walivyocheka. Naliandika hili kwa sababu wiki nzima nimekuwa nikilikwepa. Nilifurahi.

Nashipai akasimama, mikono nyuma, kama tunavyowafundisha. Akasema, "Sikuibia, Mwalimu." Nikamwambia akae. Akakaa. Kipindi kilipoisha karatasi aliiacha dawatini, nami nikaitupia kabatini kwangu.

Jumatatu hakuja, na Jumanne hakuja. Nikajiambia labda anaumwa, labda wamemtuma maji, hawa watu wa mifugo ndivyo walivyo, leo wapo kesho hawapo. Ndivyo nilivyojiambia, kwa maneno hayohayo.

Jumatano nilitaka kulipamba somo. Nikawatoa nje Kidato cha Pili, nikachukua futi ya fundi na chaki, nikaanza kuchora alama kwenye ukuta wa maabara. Hapa duniani, mita 1.2. Mirihi, mita tatu na kidogo, nikapanda kwenye kiti. Mwezi tukakubaliana tuuweke angani, maana mita 7.2 ilipita paa. Halafu nikashuka kuchora Mshtarii. Moja nukta mbili gawanya kwa mbili na nusu, inakuja sentimita arobaini na nane. Nikainama, nikapiga mstari.

Rehema alikuwa amesimama pembeni yangu. Akautazama ule mstari, akatazama miguu yake. "Mwalimu, hapo si navuka tu? Hata siruki."

Mstari ulikuwa usawa wa goti lake.

Nilibaki nimeinama na chaki mkononi kama mtu aliyeshikwa na mgongo. Kwa hesabu yangu, binti anayevuka mita 1.2 hapa nyumbani, ukimpeleka Mshtarii ajitahidi kwa nguvu zake zote, anaishia kwenye kamba ambayo hata bila kuruka angeipita kwa kunyanyua mguu. Haiwezekani. Unaposimama tu, kabla hujaruka, mwili wako tayari uko juu. Katikati yake, pale karibu na kitovu, pako juu ya ardhi kwa kama sentimita tisini kwa wasichana wa umri wao. Mvutano hauhusiki na hizo. Umezaliwa ukakua nazo, na utasimama nazo popote utakapokanyaga.

Kwa hiyo anayevuka mita 1.2 amejiinua sentimita thelathini tu, na hizo thelathini peke yake ndizo za kuzidisha. Mwezini zinakuwa mita 1.8. Ongeza zile tisini alizosimama nazo.

2.7.

Nikawaambia watoto warudi darasani wasome kimyakimya, nikakimbia. Mwalimu wa miaka thelathini na sita, kakimbia uwanjani na futi inaburuzika. Nikaitoa ile karatasi kabatini. Ile nukta tumboni kwa mtu wa vijiti. Kutoka ardhini hadi kwenye nukta palikuwa na mstari, na pembeni yake, kwa penseli hafifu, 0.9. Kutoka kwenye nukta hadi kwenye kamba, 0.3. Njia ilikuwepo yote. Nilidhani ni michoro ya mtu asiye na la kuandika.

Na mimi jibu langu nimelifundisha miaka sita. Sijui ni watoto wangapi wamepita mikononi mwangu na 7.2 yao.

Alhamisi nikaenda kwa mkuu wa shule. Alinisikiliza vizuri, ni mtu mpole. Akasema nimrekebishie alama kimyakimya, nisilifanye jambo kubwa. Akasema mwalimu akianza kuwaomba radhi wanafunzi mbele ya wenzao, kesho hawamsikilizi tena, na akanikumbusha kuwa wa fizikia ni mimi tu. Nikasema sawa mkuu. Nikatoka ofisini kwake nimefarijika kabisa, na faraja ile haikufika hata getini.

Jana Jumamosi nikapanda bodaboda hadi kwao.

Nilikuta wanafunga mizigo. Punda wawili walishavishwa matandiko kwa majaribio, ndama wamefungwa kando. Baba yake Nashipai alikuwa ameketi kwenye kigoda, mama yake amesimama mlangoni. Nikasema shikamoo baba, akaitika marahaba, akaniuliza habari za njiani, za shule, za mvua ya kwetu. Hakuna haraka. Mama akaniletea maziwa kwenye kikombe cha bati. Nashipai akaja na, badala ya shikamoo ya darasani, akaniinamishia kichwa nikiguse, kama watoto wao wanavyowaamkia wakubwa. Nikagusa.

Nikasema nilichokuja kusema. Kwamba nilikosea, kwamba jibu la binti lilikuwa sahihi, langu ndilo lililokuwa baya.

Mzee akasema, "Mwalimu, binti yangu aliniambia hakuiba. Wewe, mtu wa serikali, ulisema kaiba. Mimi sijasoma. Nilikaa siku nane sijui nimwamini nani." Akamtazama bintiye, kisha mimi. "Nimekaa siku nane namtazama hivi mtoto wangu mwenyewe."

Nikasema nisamehe baba.

Akauliza, "Yale maneno uliyasemea wapi?"

"Darasani."

"Walisikia wangapi?"

Nikasema arobaini na mmoja, ukimtoa binti.

"Hapa tumesikia watatu," akasema. "Kayaseme haya kulekule."

Hakupandisha sauti. Akaeleza mipango yao kama anavyoeleza njia ya kwenda kisimani. Jumanne wanaondoka. Kesho Jumatatu Nashipai atakuja shuleni na mama yake. Mama atasimama nje ya dirisha, Kiswahili anakisikia vizuri. Akisikia nimeyasema, binti atabaki kwa shangazi yake jirani na shule na ataendelea kusoma. Asiposikia, watarudi wote wawili, na kwenye safari mikono yake inahitajika.

Baadaye nikamwomba Nashipai anionyeshe alivyofikiri. Nilitegemea atataja kitabu. Akacheka kidogo, mara ya kwanza, akasema kwenye sherehe zao vijana wanaruka wakiwa wamenyooka, na wasichana ndio wanaotazama nani zaidi. Mgeni anamsifu mrefu siku zote, kwa sababu kichwa chake ndicho kinachoonekana juu.

"Lakini mrefu yuko juu hata hajaruka," akaniambia. "Sisi tunatazama alichoongeza."

Nimesoma chuo miaka mitatu. Hakuna aliyeniambia kwa maneno mepesi namna hiyo.

Hapo mwalimu ndani yangu akaamka, sikuweza kujizuia. Nikamwambia tuseme vijana wale wako mwezini, miguu inawasukuma kwa kasi ileile na hawajavaa lile vazi zito la wanaanga, basi watakaa hewani mara sita pia kabla ya kushuka. Akafikiri. Akasema basi wimbo itabidi upunguzwe mwendo, maana kuruka kunafuata wimbo, na waimbaji watakata pumzi kumsubiri mtu ashuke. Tukacheka wote wawili. Mama yake akauliza tunacheka nini, binti akamweleza kwa lugha yao, na mama naye akacheka, akatazama juu kana kwamba kuna mtu anashuka. Kwa dakika chache nikasahau nilichofuata pale.

Kisha Nashipai akanisindikiza hadi ilipokuwa bodaboda.

Tulipokaribia alisimama. Akasema, akiwa ameangalia chini, "Mwalimu, Rehema hakuonyesha njia."

Kisha akaongeza,

"Yeye hukumwuliza."

Nikapanda bodaboda. Nikasema tutaonana Jumatatu, nikaondoka. Njia nzima dereva alikuwa anapiga hadithi ya lori la miwa lililozibia watu barabara, mimi naitikia ee, ee, sijui hata mwisho wake ulikuwaje.

Maana ni kweli. Nimeitafuta karatasi ya Rehema kwenye kumbukumbu na naiona wazi: 7.2, peke yake, bila mstari hata mmoja wa hesabu. Alama zote. Sikujiuliza kaipata wapi. Huenda kaizidisha kichwani, ni mtoto mwepesi, na simtuhumu kwa lolote. Ninachosema ni kwamba swali lenyewe halikunijia. Baba yake Rehema analima kama baba yangu, ana shamba la miwa na la mahindi, na Rehema anaongea kama nilivyoongea mimi nikiwa na umri wake. Karatasi yake niliisahihisha nikiwa nimetulia.

Mimi ni mtoto wa Kisanga, kijiji cha wakulima. Nikiwa darasa la tano ng'ombe waliingia shambani kwetu mahindi yakiwa yanatoa ndevu. Tulipofika asubuhi hapakuwa na kitu, ni kwato tu na mabua. Baba alikaa ukingoni mwa shamba mpaka jua likatoka kabisa. Hakulia wala hakutukana. Nyumbani kwetu baada ya hapo wafugaji walikuwa na jina, na jina hilo siliandiki hapa. Sikuwahi kulitamka darasani. Nimefundisha watoto wao miaka yote hii, nimewapa daftari, nimewatetea wakichekwa kwa lafudhi, na nilijiona mtu safi.

Kumbe lilikuwa linakaa nami mezani nikisahihisha.

Mzee yule anasubiri niseme nilikosea hesabu. Hilo ni jepesi. Nimeshaliandika tangu asubuhi, mara ya kwanza likatoka hivi: kulikuwa na kosa katika swali la tano. Utadhani kosa lilijileta lenyewe kwa miguu. Nikafuta. Mara ya pili nikaandika: mimi nilikosea hesabu, Nashipai alipata. Hilo lingemtosha mama dirishani. Lingemtosha mzee. Mkuu wa shule angenuna siku mbili yakaisha, na darasa lingefurahi kweli kuona mwalimu kapatikana. Binti angebaki shuleni.

Lakini yeye mwenyewe angekuwa amekaa pale dawati la tatu, ananisikiliza nikisema nusu. Anajua ni nusu. Kila nikisahihisha karatasi yake, mpaka Kidato cha Nne, angejua.

Na nikisema yote? Rehema atajisikiaje kutajwa? Watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji wamekaa dawati moja mle ndani kwa taabu. Naogopa kulifungua nisiweze kulifunga. Naogopa pia, tuseme ukweli, kwa ajili yangu. Wazazi wataongea. Baba yangu bado yuko hai na Kisanga si mbali, atasikia nimesema nini.

Nimezunguka uani nikirudi, nikizunguka. Mashuka yamepata masizi tena na nimeyaacha hivyohivyo.

Kipindi cha kwanza kesho ni changu, saa mbili kamili. Nitachora upya ubaoni zile alama za ukutani, na mstari wa Mshtarii nitauweka mahali pake, juu kidogo ya mita moja. Rehema nitamwita kabla ya kengele, nimweleze peke yake kwamba nitamtaja na kwamba hana kosa. Kisha nitasimama mbele yao. Nimeliandika kwa mara ya tatu, na hili silifuti:

Nashipai hakuibia. Jibu lake ndilo sahihi. Langu si sahihi, na nimelifundisha miaka sita. Rehema hakuonyesha njia na sikumwuliza chochote. Nilimhukumu Nashipai kwa sababu nilisoma jina kabla ya jibu.

Nimelisoma kwa sauti hapa jikoni mara nne. Mara zote nne nimekwama palepale, kwenye neno jina. Kesho nitakwama tena, mbele ya wote arobaini na wawili, na mama akiwa dirishani. Halafu nitamalizia.